Rudi palepale: niliyowaambia wageni jioni kabla ya matembezi yao ya kwanza

Habari za jioni wazee wangu, kaka zangu, dada zangu, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele jamani viti vipo. Asanteni kwa kuja. Waandaaji wameniomba niongee na wale ambao kesho alfajiri wanaingia hifadhini kwa mara ya kwanza, na wale waliowahi kwenda mara moja wakarudi na malengelenge wakaapa hawarudi tena, kwa hiyo nitaongea kama tunavyoongeaga tukiwa njiani, karatasi sina.

Nianze na methali mbili zinazogombana. Moja inasema mtembezi hula miguu yake, yaani anayezurura bila sababu anaishia kujichosha tu. Nyingine inasema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Mi niko upande wa hii ya pili, na nina sababu, karibu kila kitu ninachokijua kuhusu msitu nilikipata siku ambazo sikwenda kutafuta chochote.

Jambo langu leo ni moja na nalisema mapema ili hata mwenye haraka aondoke nalo: tafuta hifadhi ndogo iliyo karibu na wewe, chagua njia moja, halafu irudie. Ukimaliza irudie tena. Watu wengi wakisikia haiking wanawaza kilele, wanawaza ile picha umesimama juu ya jiwe mikono hewani mawingu yako chini yako, basi wanaanza kuweka akiba ya kwenda mlima mkubwa wa mbali siku moja, miaka inapita hiyo siku haifiki, na muda wote huo kuna msitu, au kilima, au bwawa lililotengwa kwa ajili ya ndege, si mbali na kitanda chao, na hawajawahi kukanyaga. Hilo linaniuma kweli.

Njia yangu mimi ni kilomita 6 tu. Inaanza getini inazunguka inarudi getini, nimeitembea miaka 11. Mara ya kwanza nilichoona ni kijani, kijani kila mahali, sikuweza kutenganisha mti huu na ule. Mara ya nne au ya tano hivi nikagundua kuna mti mmoja kwenye kona ya tatu una vitunda vidogo, na wiki hizo vinapoiva ndege wote wa msitu ni kama wamehamia pale, alafu vikiisha pananyamaza kabisa utadhani hapajawahi kuwa na kitu. Sasa huwezi kuyajua hayo kwa kwenda mara moja. Ukienda mara moja utakuta ama kelele ama kimya, na utaondoka ukiamini msitu ndio ulivyo. Ukirudi kiangazi, ukarudi masika, ukarudi siku ya ukungu, ndipo unaanza kuona kwamba hii sehemu ina kalenda yake, na kwamba kile kijito ulichokiruka kwa hatua moja mwezi ule kikijaa hakirukiki.

Kuna pia vitu ambavyo macho yanachelewa kuvipata. Yale madoa ya kijivu na kijani mnayoyaona kwenye mawe, wengi wanadhani ni uchafu au rangi, kumbe ni kiumbe hai, tena viumbe viwili vinavyoishi pamoja, kuvu na mwani, kuvu inashika jiwe na kutunza unyevu, mwani unatengeneza chakula kwa jua. Mengine yanakua chini ya milimita moja kwa mwaka. Fikirieni, doa la ukubwa wa kiganja linaweza kuwa limeanza kabla babu yako hajazaliwa, alafu mtu anakuja na msumari anachonga jina lake juu yake kwa dakika mbili.

Na chini ya miguu nako kuna mambo. Nyuzi nyembamba za uyoga zimejishika na mizizi ya miti, uyoga unaupelekea mti maji na madini, mti unaulipa kwa sukari. Ule uyoga unaouona juu ni kama tunda tu, mwili wenyewe uko ardhini. Ndiyo maana nikiona mtu anapiga uyoga teke, na watu wanapenda sana kupiga uyoga teke sijui kwa nini, namwomba taratibu aache.

Sasa kuhusu kuona wanyama na ndege, maana hili ndilo swali naulizwa kila mara, mbona tulitembea saa tatu hatukuona kitu. Mliona kidogo kwa sababu mlikuwa mnatembea. Ukiingia msituni ndege wa kwanza anakuona anatoa mlio wa tahadhari, wa pili anaupokea, digidigi wanausikia huo mlio na wao wanauelewa vizuri tu, kwa hiyo habari zako zinatangulia mbele yako na wewe unatembea nyuma ya habari zako mwenyewe, kila unapofika wenyeji wameshaondoka. Dawa yake ni kukaa. Tafuta gogo, kaa, zima maongezi, weka simu mfukoni, dakika 15, afadhali 20. Dakika tano za kwanza hutaona kitu na utajisikia vibaya, utataka kuinuka, usiinuke. Baadaye kidogo utasikia ile hali ya kawaida inarudi, kwanza wadudu, alafu ndege wadogo wa chini, alafu yule aliyekuwa amejificha muda wote hatua kumi kutoka ulipokaa anaanza kutembea kama haupo. Hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukipata msituni na hakina gharama.

Wajapani walilipa jina jambo la namna hii mwaka 1982, idara yao ya misitu ilianzisha kampeni waliyoiita shinrin-yoku, maana yake kuoga msitu, yaani uingie msituni bila lengo la kufika popote, upumue, usikilize, uguse. Mi nalipenda hilo neno kuoga, maana mtu anayeoga hahesabu kilomita.

Kama unataka kuona vingi, nenda alfajiri, ndege huimba zaidi wakati ule na upepo bado haujaamka. Na simama mipakani, pale msitu unapokutana na nyasi au nyasi zinapokutana na maji, kwa sababu hapo unapata wakazi wa pande zote mbili. Darubini ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo masikio yanatosha kabisa kwa kuanzia, jifunze sauti tatu tu, zijue vizuri, alafu ongeza ya nne.

Haya, njia yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, mtanivumilia.

Watu wanadhani njia ya msituni ilijitokeza tu. Zipo zilizoanza hivyo, zilikuwa za wanyama au za wachota maji, lakini njia nzuri ya hifadhi imetengenezwa na mtu aliyekuwa anafikiria maji. Maji ndiyo adui wa njia. Mkitembea watu mia sehemu moja udongo unashindiliwa, vile vitundu vidogo vya hewa vinazibana, mvua ikinyesha maji hayanywewi na ardhi tena, yanatafuta pa kupita na pa kupita ndio hapohapo kwenye njia. Yanakimbia nayo, yanabeba udongo, mizizi inabaki nje kama mishipa ya mkono wa mzee, mwaka unaofuata njia imekuwa mfereji, watu hawataki kupita kwenye mfereji wanapita pembeni, pembeni nako kunakufa, na njia iliyokuwa ya upana wa mtu mmoja inakuwa barabara ya gari.

Ndiyo maana mlimani njia inapinda kushoto inapinda kulia, zile kona mnazozilalamikia. Kona zimewekwa ili mteremko uwe mdogo na maji yasipate mwendo. Yale magogo yaliyolazwa mshazari njiani mnayoyaruka, hayo pia si ngazi, yamewekwa kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Sasa mtu anafika kwenye kona anaona chini njia inaendelea anasema nikate hapa katikati nitaokoa dakika moja, kweli ameokoa dakika moja, lakini ameacha alama, wa pili anaona alama anafuata, baada ya watu hamsini pamekuwa mfereji ulionyooka kutoka juu hadi chini na mvua ya kwanza tu inaubeba upande mzima. Nimeona kwa macho yangu kona iliyokatwa hivyo, tulikwenda watu tisa Jumamosi tatu mfululizo kubeba mawe na matawi kuiziba, na bado haijapona, nyasi zinaota upande mmoja tu. Kwa hiyo kesho ukiniona nakuita urudi kwenye njia usichukie, nina mgongo unaokumbuka yale mawe.

Na kukiwa na matope katikati, pita kwenye matope. Najua viatu ni vipya. Vimetengenezwa kwa matope.

Uingereza wana njia ndefu inaitwa Pennine Way, kilomita kama 430, ilifunguliwa mwaka 1965, sehemu kubwa inapita juu ya udongo ule mweusi laini wa majani yaliyooza miaka maelfu, peti. Watu wakaipenda, wakaenda wengi, kila mmoja akakwepa tope kwa hatua moja pembeni, njia ikatanuka na kutanuka hadi sehemu nyingine ikawa uwanja wa tope. Mwishowe ilibidi walaze mawe makubwa bapa, mengi yalikuwa ya sakafu za viwanda vya zamani vilivyobomolewa, mengine yakashushwa kwa helikopta maana hakuna gari linalofika. Helikopta, jamani, kwa sababu ya hatua moja moja pembeni.

Na viatu vyenyewe vinabeba vitu. New Zealand wana miti inaitwa kauri, mikubwa sana, ipo yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na kuna ugonjwa unaoishi kwenye udongo unaoua mizizi yake, na tope kidogo tu kwenye soli linatosha kuuhamisha kutoka mti mgonjwa kwenda mzima. Kwa hiyo kwenye njia zao nyingi unakuta kituo, unasugua soli kwa brashi, unapuliza dawa, ndipo unapita, na njia nyingine zilifungwa kabisa. Sisi tusisubiri kuwekewa kituo. Ukitoka hifadhi moja sugua viatu kabla ya kwenda nyingine, ng'oa mbegu zilizonasa kwenye soksi na kwenye pindo za suruali, zitie kwenye mfuko wa taka, usizirushe tu hapo getini, maana gugu likishaota sehemu mpya kuling'oa ni kazi ya vizazi.

Taka nadhani hapa hatugombani, ulichoingia nacho utoke nacho, ila niongeze tu kwamba na maganda ya matunda ni taka. Utasikia mtu anasema yataoza. Yataoza ndiyo, lakini ganda la chungwa linaweza kukaa miezi na miezi, na tumbili akishajua kwamba watu wanaacha maganda anaanza kuwafuata watu, akianza kuwafuata watu ataanza kunyang'anya, akianza kunyang'anya mwisho wake sio mzuri kwake. Na haja kubwa, maana hakuna anayependa kuliongelea na wote tunaenda: angalau mita 60 kutoka kwenye maji na kutoka njiani, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, fukia, karatasi rudi nayo kwenye mfuko. Basi, limeisha hilo.

Kuna jambo lingine nataka mlijue kabla hamjakanyaga kesho. Njia hizi tunazopita bure au kwa kiingilio kidogo, kuna watu waliziumia. Mwaka 1932, Aprili 24, kule Uingereza, vijana mamia, wengi wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima unaitwa Kinder Scout wakati ule ulikuwa mali ya matajiri wa kuwindia ndege, hakuna ruhusa ya kukanyaga. Wakapanda hivyohivyo mchana kweupe. Watano wakafungwa jela. Mwaka 1949 ndio sheria ya mbuga za taifa ilipita kule, na ile Pennine Way niliyoisema ikaja kupita palepale Kinder Scout. Na huku kwetu Afrika, Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda msitu wa Karura, Nairobi, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu wajenge, walikwenda na miche ya kupanda wakapigwa na walinzi, yeye akapasuliwa kichwa. Msitu ulibaki. Leo watu wanatembea mle, wanakimbia, wanaendesha baiskeli, watoto wanaona kima, na mwaka 2004 yule mama alipewa tuzo ya Nobeli ya amani. Mi huwa nikisikia mtu anaita msitu mdogo wa mjini eneo la wazi lisilotumika, damu inachemka. Eneo likionekana halitumiki kuna mtu atakuja kulitumia, na njia ya kwanza ya kulilinda ni watu kuonekana mle ndani kila wiki, kwa majina, kwenye daftari la getini. Kwa hiyo andikeni majina yenu kesho, wote, hata kama foleni ni ndefu.

Daftari lina kazi nyingine pia, usipotoka watajua. Tuje kwenye usalama.

Miaka michache iliyopita nilipotelea kwenye njia ninayoijua. Nasema ninayoijua ili mnielewe. Nilianza nimechelewa, nikasema nitafika kwenye maporomoko nirudi, njiani nikakutana na kundi la ndege nikasimama kuwaangalia, muda ukaenda, betri ya simu ilikuwa asilimia 9, tochi nimeiacha, na hakuna mtu niliyemwambia nimeenda wapi. Giza la msituni haliji wakati mmoja na lile la barabarani, chini ya miti linatangulia, na kadiri ulivyo karibu na ikweta ndivyo linavyoshuka haraka, halina huruma ya kukuonya. Nilikaa chini ya mti hadi mwezi ulipotoka, nikiwa nimelowa jasho lililogeuka barafu mwilini, na nilitetemeka kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kutetemeka pasipo na theluji. Hakuna aliyekosea ila mimi. Tangu siku ile nina saa ya kugeuka. Naipanga kabla ya kuanza, nawaambia nyumbani, ikifika nageuka hata kama kilele nakiona pale mbele.

Saa ya kugeuka unaipataje? Kuna Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo bado inafanya kazi: kila kilomita 5 saa moja, alafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda, yaani dakika 10 kwa kila mita 100. Kwa hiyo njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 600 ni saa tatu, na hapo ni mtu mwenye mazoezi asiyesimama. Sisi tunaosimama kuangalia ndege, tukiwa na watoto na wazee, ongeza nusu yake au mara mbili. Na kupanda unakujua kwa ramani, ile mistari ya mwinuko, ikibanana ni mkali, ikiachana ni tambarare, kujifunza hilo ni jioni moja tu.

Ramani ishushe kwenye simu nyumbani ukiwa na mtandao. Ukifika weka hali ya ndegeni ili simu isihangaike kutafuta mnara na kumaliza chaji, GPS yenyewe inapokea ishara za setilaiti tu haihitaji bando. Lakini simu ikianguka mtoni imekwisha, kwa hiyo na karatasi uwe nayo, na filimbi. Filimbi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani kwa sababu sauti ya mtu inakauka baada ya dakika kumi za kupiga kelele na filimbi haikauki. Milio 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekusikia anajibu milio 3. Ishara hiyo ni ya milima ya Alpi kule Ulaya, kwingine wanatumia milio mitatu mitatu, ila popote pale filimbi inayojirudia kwa mpangilio watu wanajua kuna shida.

Baridi. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu, kwa hiyo getini fulana na juu unahitaji sweta, na upepo unafanya zaidi. Nguo ya pamba ikilowa jasho inakaa na maji na kukunyang'anya joto, vaa sufu au ile ya michezo inayokauka haraka, hasa soksi, malengelenge mengi yanaanzia kwenye soksi wala sio kwenye kiatu. Maji hesabu kama nusu lita kwa saa, jua likiwa kali zaidi, na usinywe maji matupu siku nzima bila kitu chenye chumvi, mwili ukijaa maji ukaishiwa chumvi nao unaumwa.

Kuteremka ndiko kunakoumiza, wengi hawajui hilo. Kupanda kunachosha mapafu, kushuka kunaumiza mapaja kwa sababu msuli unafanya kazi ya breki huku unavutwa, na maumivu yake yanakuja kesho yake na keshokutwa, mtu anashindwa kushuka ngazi anafikiri ameumia. Hujaumia, unaponywa na siku mbili tatu. Fupisha hatua, kunja goti kidogo, kaza kamba za kiatu juu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Wazee tumieni fimbo, na vijana wenye magoti mabovu pia.

Radi ikianza, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30 toka kileleni, toka uwanja wazi, usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, na usirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Nyuki wakikuvamia kimbia, usipige piga mikono, funika uso, kimbia mpaka gari au nyumba, usijitupe kwenye maji watakusubiri. Nyoka wengi wanaondoka wakisikia hatua zako, kwa hiyo angalia unapoweka mkono na unapokalia, ila mtu akiumwa usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza damu, vua pete na saa maana kutavimba, kiungo kisitikisike, mbebeni, mpelekeni hospitali haraka. Haya matatu nimeyapita mbio kwa sababu mwenzangu atawaonyesha kwa vitendo baada ya chai.

Kuna dada hapa aliniuliza kabla hatujaanza, viatu vyangu ni raba za kawaida, nije? Njoo. Mwaka 1955 kule Marekani kulikuwa na mama mmoja, Emma Gatewood, miaka 67, amelea watoto 11, aliipita Appalachian Trail, njia yao ndefu ya milimani, yote peke yake kwa mwendo mmoja, zaidi ya kilomita 3,000, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, miguuni ana raba za kitambaa na begani kamfuko alikokashona mwenyewe. Hadithi yake watu huishia hapo, kwenye raba. Mi sehemu ninayoipenda ni ya mwaka mmoja nyuma yake. Mwaka 1954 alijaribu, akapotea siku za mwanzoni tu, miwani ikavunjika, askari wa hifadhi wakamkuta wakamshauri arudi nyumbani, na akarudi nyumbani. Lakini mwaka uliofuata alirudi njiani, akaanzia upande mwingine akijua zaidi. Kwa hiyo dada raba zinatosha kwa kilomita 6 za kesho, mradi zina soli yenye meno na hazijakubana, usinunue chochote mpaka utembee mara tano ujue mguu wako unataka nini.

Kwa wenye watoto, msiwafukuze mbio. Mtoto wa miaka minne anaweza kumaliza saa nzima kwenye mita 50 za kijito akigeuza mawe, muache, mwambie tu jiwe alirudishe lilivyokuwa maana kuna wakazi chini yake. Wengine wataendelea mbele na kundi la kwanza, nyie mtabaki na mimi nyuma, mi natembea wa mwisho siku zote ili nisimwache mtu. Mwendo wa kundi ni mwendo wa anayekwenda polepole zaidi, na tukipumzika, tunaanza tena baada ya yeye kupumzika, sio wakati anafika. Hiyo ni sheria kwetu, na mwenye mbio zake kuna kundi la Jumapili.

Nadhani nimemaliza muda. Kesho geti linafunguliwa saa 12 kamili asubuhi, tukutane robo saa kabla, soli mmezisugua, majina kwenye daftari, filimbi shingoni. Jana jioni nilipita kwenye ile kona ya tatu kuangalia, ule mti vitunda vyake vimeanza kuwa vyekundu upande wa jua. Tukifika pale tutakaa chini wote, dakika 20, hakuna kuongea.